Karata za Kuvizia na Somo la Wakati

Wapo wazazi na walimu ambao, wamwonapo mwanafunzi na karata mkononi, huamua papo hapo kwamba amepotea. Hukumu hiyo ni ya pupa. Ipo michezo ya karata inayodai hesabu na nidhamu kubwa. Mmojawapo ni Magic: The Gathering, uliobuniwa na Mmarekani Richard Garfield, msomi wa hisabati, na kuchapishwa mwaka 1993.

Katika mchezo huu wa wachawi na mazimwi, kila mchezaji hujiundia fungu la karata zisizopungua 60. Karata za ardhi humpa nguvu iitwayo mana, ambayo hulipia karata nyingine. Aghalabu viumbe huchezwa katika zamu ya mwenyewe tu. Hata hivyo, wale wenye sifa ya Flash huweza kuzuka hata katika zamu ya mpinzani. Hapo ndipo mbinu ya kuvizia inapozaliwa.

Tuchukue mfano wa karata za mwaka 2019. Brineborn Cutthroat hugharimu mana 2, na hukua kila mwenyewe achezapo karata isiyo ya ardhi katika zamu ya mpinzani. Frilled Mystic na Nightpack Ambusher hugharimu mana 4 kila mmoja. Wa kwanza aweza kubatilisha karata ya mpinzani. Wa pili ni mbwa mwitu mkali, tena humletea mwenyewe mbwa mwitu mwingine kila amalizapo zamu yake bila kucheza ila ardhi. Basi mwenye ardhi 4 ambazo hajazitumia humtia mpinzani katika njia panda: akitoa karata yake kubwa, huenda ikabatilishwa, akijizuia, huenda akazukiwa na mbwa mwitu.

Hata hivyo, fungu hili haliundwi kwa kurundika karata za kuzuia pekee. Azuiaye tu huahirisha kushindwa. Sharti wawepo viumbe wa kushambulia mapema, ili kila zamu anayoipoteza mpinzani igeuke pigo.

Darasani tumezoea kumsifu anayetangulia kuinua mkono, na kumdhania mkimya kuwa mzembe. Wahenga walinena kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Lakini si kila kimya. Kungoja bila maandalizi ni uvivu. Kungoja ukiwa na majibu mawili mkononi ni hekima. Mwalimu na apime tofauti hiyo kabla ya kuzinyang'anya karata.