Lango Moja la Hai Amarat Lahitaji Walinzi Wangapi?

Askari yeyote aliyepata kusimama lindo huijua hesabu hii kwa miguu yake kabla ya kuijua kwa kalamu. Juma lina saa 168, na lango lisiloachwa wazi hudai saa hizo zote, iwe mvua, iwe sikukuu.

Tulipeleke lango hilo Hai Amarat, mjini Juba, mtaa wa hoteli na maofisi. Jina lenyewe ni la Kiarabu, maana yake majengo. Na penye majengo hapakosi malango. Mwajiri akigawa zamu za saa 12 pasipo siku ya mapumziko, watu wawili wamtosha: kila mmoja saa 84 kwa juma. Lakini Sheria ya Kazi ya Sudan Kusini ya mwaka 2017 imeweka saa 8 kwa siku na saa 40 kwa juma. Kwa kipimo hicho lango lilelile lahitaji watu wanne, na bado zabaki saa 8 za kumtafutia mtu wa tano. Ajira imeongezeka zaidi ya maradufu, wala hapakujengwa ukuta mpya.

Hapo wengi hupiga makofi. Mimi nasita kidogo. Mfuko wa mwajiri usipoongezeka, fedha iliyolisha nyumba mbili sasa yagawanywa kwa nne. Mlinzi aliyepata nusu atatafuta lango la pili usiku, na saa 84 zitarudi kwa mlango wa nyuma. Ndiyo sababu saa za kazi haziendi peke yake bila kima cha chini cha mshahara. Tanzania, ambayo sheria yake ya mwaka 2004 huweka saa 45 kwa juma, hutangaza pia kima cha chini kwa kila sekta, na ulinzi wa binafsi una fungu lake. Hata hivyo kima kikipanda kupita uwezo wa duka dogo, mwenye duka atanunua kufuli na kulala dukani mwenyewe.

Tena mshahara si tarakimu tu. Mwezi Desemba 2015 serikali ya Juba iliiacha pauni ijitafutie bei sokoni. Dola moja, iliyokuwa pauni 2.95, ikafika pauni 18 na zaidi. Aliyelipwa kiasi kilekile alikuwa amepunguziwa bila barua. Bajeti ya 2023/24 iliongeza mishahara ya watumishi wa serikali kwa asilimia 400. Mwezi Februari 2024 bomba la mafuta liendalo Port Sudan likapasuka, hazina ikakauka, na mishahara ikakaa miezi mingi bila kulipwa.

Jambo hili latuhusu sisi tuvaao sare. Askari asiyelipwa huuza saa zake za mapumziko: huendesha bodaboda, au husimama kwenye lango la mtu. Hapo hukutana na kijana asiye na kazi, na kwa kuwa yeye hutafuta nyongeza tu, hukubali ujira mdogo zaidi. Bei ya saa moja ya ulinzi yashuka kwa wote wawili, na mwenye lango hana haja ya kuongeza mtu wa tatu.

Nasi twamfahamu mlinzi wa zamu ya saa 12 alivyo ifikapo saa 10 alfajiri. Walinzi wakiwa wawili tu, na mmoja akashikwa na malaria, aliyebaki hukesha na kushinda palepale langoni.