Mgeni Aliyengojewa Homa Bay

Wahenga walinena kwamba mkaa bure si sawa na mtembea bure. Kwa miaka mingi niliuchukua msemo huo kuwa ni wa wachuuzi na wavuvi, watu ambao riziki yao imo barabarani na majini. Sikudhani kwamba ungeweza kumhusu mtu wa kanisani. Mimi ni mzee wa kanisa katika mji wa Musoma. Nyimbo za ibada nazijua kwa moyo, na sala ya kufungulia ibada naweza kuitoa huku nikiwaza mengine. Nakiri hayo mapema, msomaji, usije ukadhani kwamba ni mtakatifu anayekuhubiria. Niliyoyapata niliyapata ugenini, katika kaunti za Migori na Homa Bay nchini Kenya, na wala sikwenda huko kuyatafuta. Nilikwenda kulipa deni.

Deni lenyewe lilikuwa la shilingi 4,000 za Kenya. Mwaka 1995 mwanangu aliugua, nami sikuwa na kitu. Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa Homa Bay aliyekuwa akija Shirati kuwasalimu ndugu zake, alinihesabia fedha hizo bila hati wala shahidi. Mtoto alipona. Mwaka wa kwanza sikuwa na uwezo wa kulipa. Mwaka wa pili nilikuwa nao, ila paa la nyumba lilivuja. Mwaka wa tatu niliona haya, na haya ikazaa ukimya. Aliniandikia barua mbili. Hakulitaja deni katika hata moja, nami sikuzijibu. Mwaka jana nikapata habari kwamba ameaga dunia, na kwamba mjane wake angali anaishi katika boma lile lile.

Kutoka Musoma hadi Sirari si mbali, na ukishavuka umo Isebania, nchi ya watu. Mpaka huu una historia yake. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 ulifungwa, ukaja kufunguliwa mwaka 1983, ilhali Wakurya na Wajaluo wako pande zote mbili na makaburi ya babu zao hayajui serikali. Hata hivyo ugeni huanza kwa vitu vidogo. Dagaa wetu waligeuka omena, sangara akawa mbuta, sato akawa ngege. Samaki ni wale wale na ziwa ni lile lile, lakini mimi niliyezoea kuagiza chakula bila kufikiri, nililazimika kunyoosha kidole kama mtoto. Nadhani hapo ndipo Mungu alipoanza kunishughulikia.

Nililala Migori. Asubuhi yake, siku ya Jumamosi, soli ya kiatu changu ilibanduka, nikatafuta fundi. Niliyeelekezwa kwake nilimkuta amevaa suti na tai, Biblia iko kwapani. "Samahani mzee," akasema, "leo ni Sabato. Kazi ni kesho." Waadventista ni wengi katika sehemu zile. Nilitaka kumwambia kwamba kazi yenyewe ni ya dakika tano, na kwamba ningemlipa maradufu. Nikanyamaza, kwani nilijiuliza ni lini mimi nilipata kukataa fedha kwa ajili ya Jumapili yangu. Sikukumbuka hata mara moja.

Nikaifunga soli kwa kamba, nikapanda matatu ya kwenda Homa Bay. Kando yangu aliketi bibi mmoja aliyevaa kanzu nyeupe ndefu, kitambaa kichwani na rozari shingoni. Alikuwa muumini wa Legio Maria. Kanisa hilo lilichipuka kutoka Kanisa Katoliki mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika eneo lililoitwa wakati huo Nyanza Kusini, na miongoni mwa waliolivumisha ni Simeo Ondeto na mwanamke aitwaye Gaudencia Aoko. Ondeto alifariki mwaka 1991 akazikwa Got Kwer, huko huko Migori, na mpaka leo waumini huenda kuhiji mahali hapo. Wafuasi wake humhesabu kuwa ni Masihi aliyewajia Waafrika. Kwa mafundisho niliyolelewa nayo, siwezi kukubaliana nao. Kwa hiyo nilijibanza dirishani nikayatazama mashamba.

Tulipofika Awendo, penye miwa, bibi yule alikitazama kiatu changu kisha akaniuliza kwa Kiswahili cha taratibu, "Baba, unakwenda matangani?" Nikamuuliza amejuaje. Akajibu kwamba mtu wa umri wangu hasafiri na kiatu kilichofungwa kamba, ila kama jambo analoliendea haliwezi kungoja. Basi nikamweleza yote: ugonjwa wa mtoto, fedha, barua mbili, na miaka yote ya kujificha. Habari hiyo sijapata kumweleza mchungaji wangu. Nilimweleza mwanamke ambaye muda mfupi kabla ya hapo nilikuwa nimemhesabu kuwa mpotevu. Hakunihukumu, wala hakunifariji. Alipoteremka Rongo aliushika mkono wangu akasema, "Usianze na fedha. Msalimu kwanza."

Mji wa Homa Bay umekaa chini ya kilima cha Asego, ukilitazama ziwa. Boma la marehemu liko nje kidogo ya mji. Nilifika jioni, mjane akiwa ametoka kanisani, na kabla sijajitambulisha alisema, "Shemeji, umefika." Alinitambua kwa picha niliyopiga na mumewe Shirati, ambayo imetundikwa sebuleni hadi leo. Nikamsalimu. Nikaketi, nikanywa maji. Ndipo aliponiambia jambo ambalo tangu siku ile haliniachi. Kila Desemba mumewe alikuwa akiagiza kwamba katika kuku watakaouzwa abaki jogoo mmoja, kwa sababu huenda wendo wake wa Musoma akaja. Wendo, kwa Kijaluo, ni mgeni. Mwaka ukiisha bila mgeni, jogoo aliliwa na wenyewe, na mwaka unaofuata agizo lilikuwa lile lile.

Nilipotoa bahasha mkononi nilikuwa natetemeka. Nilikuwa nimezidisha fedha mara kadhaa, nikijua kwamba shilingi ya leo si ile ya mwaka 1995. "Deni gani?" akauliza. Mumewe hakuwahi kumwambia. Nilipokwisha kumweleza, alizihesabu polepole, akazipokea, akasema zitamfaa mjukuu kwa karo. Namshukuru kwa kuzipokea. Laiti angezikataa, ningerudi nyumbani na mzigo ule ule, na pengine na majivuno juu yake.

Kisha tukaenda kaburini. Aliniomba nisali kwa Kiswahili. Mimi, ambaye husali mbele ya mamia ya watu kila Jumapili, nilifungua kinywa na hapakutoka neno. Maneno yote niliyokuwa nayo yalikuwa ya kusifia na kuombea. Sikuwa na neno hata moja la mtu aliyechelewa. Mjane alingoja kidogo, kisha akasali mwenyewe kwa Kijaluo. Katika sala yake yote nilifahamu maneno mawili tu, Nyasaye, yaani Mungu, na wendo. Yalinitosha. Nilisimama pale nikasikiliza sala nisiyoielewa, na nakiri kwamba ilikuwa ni mara ya kwanza kwa miaka mingi kusikiliza sala yoyote.

Jumapili alinipeleka Gendia, karibu na Kendu Bay, mahali ambapo babu yake alibatizwa. Hapo ndipo Waadventista walipofungua misheni yao ya kwanza nchini Kenya mwaka 1906. Vitabu vingi humtaja Arthur Carscallen, Mkanada, ambaye baadaye alianzisha kiwanda cha uchapaji na kuandika sarufi ya Kijaluo. Lakini Carscallen hakufika peke yake. Alikuja na Mwafrika, Peter Nyambo, mzaliwa wa Nyasaland, nchi tunayoiita Malawi. Wajaluo wa Gendia waliwapokea wageni wawili, mmoja mweupe na mmoja mweusi, ambao wote wawili hawakujua lugha yao. Kwetu nako mambo hayakuwa mbali na hayo. Wamenoni kutoka Marekani walifungua misheni Shirati mwaka 1934, na waumini Wajaluo wa Tanganyika ndio waliokuja kuivusha imani hiyo hadi upande wa Kenya, wengi wao bila cheo wala mshahara, wakilala kwa jamaa na kula walichopewa.

Nikiwa nimesimama pale Gendia nilielewa jambo ambalo nimelisikia tangu utotoni bila kulisikia. Imani ya Kikristo tangu mwanzo ni imani ya wasafiri. Ibrahimu aliambiwa atoke kwao. Wale wanafunzi wawili wa Emau walitembea na Bwana njia nzima wasimtambue, hadi walipomkaribisha ndani na kumega mkate. Na katika habari ya hukumu ya mwisho, Bwana hasemi atatuuliza kama tuliimba vizuri. Anajihesabu kuwa ni mgeni, aliyekaribishwa au aliyeachwa nje. Sisi tumeijengea imani hiyo kuta, tukaiwekea viti vyetu vya kudumu, tukasahau kwamba tuliipokea kutoka kwa watu waliokuwa hawana hata pa kulala.

Tazama desturi yetu. Kila Jumapili tunawaambia wageni wasimame tuwaone. Wanasimama, tunawapigia makofi, wanaketi, na ibada ikiisha kila mtu anakwenda kwake. Tukishampigia mtu makofi tunadhani tumemkaribisha. Rafiki yangu wa Homa Bay hakumpigia mtu makofi. Alimtunzia jogoo mwaka baada ya mwaka mtu aliyemkosea, bila kumweleza mkewe kosa lenyewe, ili siku mgeni atakapofika asitazamwe kama mdeni. Sijui mahubiri yanayoshinda hayo, na mhubiri wake sikumjibu hata barua.

Sisemi kwamba kila mtu afunge safari avuke mpaka. Wapo watakaotembea dunia nzima na kurudi kama walivyotoka. Nasema tu kwamba mtu akikaa mno mahali anapojulikana, anapoketi kiti chake na kusali sala yake, humsahau mgeni, na mwishowe husahau kwamba yeye mwenyewe ni mgeni. Heri akafike mahali ambapo hajui hata jina la samaki aliye sahanini mwake.

Barua zile mbili ningali nazo. Niliporudi Musoma nilizisoma tena. Ya pili ni fupi, ina salamu za watoto na habari za mvua, na mwisho wake ni swali moja tu: nitakuja lini. Msomaji, kama nawe unayo barua ya namna hiyo katika sanduku lako, ijibu leo. Usingoje tanzia.