Kazi ya Mkono ya Shanzu Kwenye Soko la Mtandaoni

Kwa miaka mingi biashara ya kazi za mkono katika Shanzu, eneo la ufuoni katika Kisauni, kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa, imemtegemea mgeni wa hoteli. Mgeni huyo ndiye anayetoka pwani jioni, akapita kwenye vibanda vya vinyago, viatu vya shanga, vikoi na mikoba ya miyaa, akanunua anachokipenda na kuondoka nacho. Utegemezi huo umewagharimu mafundi sana, kwa kuwa kila jambo lililomtia mgeni hofu liliwafungia riziki wao pia. Ndivyo ilivyokuwa baada ya ghasia za Likoni za mwaka 1997, baada ya shambulio la hoteli ya Kikambala la Novemba 2002, baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, wakati watalii wa Uingereza walipoondolewa Mombasa kwa ndege Mei 2014, na tena mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipofunga viwanja vya ndege. Katika vipindi hivyo vyote mikono ya mafundi haikupoteza ustadi wake, bali mnunuzi ndiye aliyekosekana.

Soko la mtandaoni, yaani jukwaa la intaneti ambalo wauzaji wengi huonyesha bidhaa zao mahali pamoja na wanunuzi huagiza kwa simu au kompyuta, linaweza kumpunguzia fundi utegemezi huo, kwa sababu linamfikia mnunuzi ambaye hajawahi na pengine hatawahi kukanyaga Mombasa. Hata hivyo, anayetaka kuanza anapaswa kwanza kuelewa kwamba mgeni wa ufuoni humfanyia fundi kazi tatu bila kudai malipo: hukikagua kitu kwa macho na mikono yake, hukubaliana bei ana kwa ana, na hukibeba mwenyewe hadi kwao ndani ya sanduku lake. Kwenye mtandao kazi hizo zote tatu humrudia fundi. Atakayezijifunza moja baada ya nyingine atauza, ilhali atakayezipuuza atajikuta akifanya kazi kwa hasara hata pale ambapo oda zinamiminika.

Mauzo ya mbali si jambo geni Mombasa

Kuuza kwa mnunuzi asiyeonekana kulianza katika eneo hili kabla ya intaneti. Karakana za Bombolulu, zilizo kando ya barabara ya kwenda Malindi na zilizoanzishwa mwaka 1969 na chama cha Kenya cha watu wenye ulemavu wa viungo, APDK, zimewauzia wateja wa nje mapambo, nguo na kazi za ngozi na za mbao kupitia mtandao wa biashara ya haki, yaani biashara ambayo mnunuzi hukubali kulipa bei inayomwezesha mtengenezaji kuishi kwa heshima. Huko Changamwe, kwenye barabara ya Port Reitz, ushirika wa wachongaji Wakamba umekusanya wachongaji wengi chini ya paa moja tangu miaka ya 1960 na kuuza vinyago vyao ndani na nje ya Kenya. Shanzu yenyewe ina karakana inayohusishwa na chama cha Girl Guides cha Kenya, ambamo wasichana wenye ulemavu hufundishwa ushonaji, kazi za ngozi na utengenezaji wa mapambo. Taasisi hizi zinaonyesha kwamba umbali haumzuii mtu kununua, ikiwa upande wa pili kuna anayeaminika kuhusu ubora, hesabu na usafirishaji. Jambo jipya lililoletwa na intaneti ni kwamba fundi mmoja, au kikundi cha watu watano, anaweza kujaribu kazi iliyokuwa ikihitaji taasisi nzima.

Aina tatu za masoko

Masoko ya mtandaoni hayafanani, na kuyachanganya ndilo kosa la kwanza la wanaoanza. Aina ya kwanza ni soko la matangazo, kama vile Jiji au Facebook, ambako muuzaji huweka picha, bei na nambari ya simu, kisha yeye na mnunuzi humalizana wenyewe. Gharama yake ni ndogo, lakini hakuna anayesimamia malipo wala usafirishaji. Aina ya pili ni soko kamili, ambalo hupokea oda, hukusanya malipo na huweka kanuni za kurudisha bidhaa, nalo hukata kamisheni, yaani sehemu ya bei ya kila kinachouzwa. Jumia na Kilimall zimefanya kazi hiyo nchini Kenya, wakati Etsy, iliyoanzishwa Brooklyn, Marekani, mwaka 2005, imejijengea jina kwa bidhaa za mikono. Aina ya tatu ni kampuni inayopokea oda za wateja wa nje na kuzigawa kwa mafundi. Mfano wake ni Soko, iliyoanzia Nairobi mwanzoni mwa muongo wa 2010, ambayo huwatumia mafundi wa mapambo maagizo na malipo kupitia simu zao za mkononi.

Kwa fundi wa Shanzu anayeanza, njia ya busara ni kuanzia nyumbani, akitumia tangazo na WhatsApp kuwauzia wateja wa Nairobi, Nakuru au Kisumu, kwa kuwa kifurushi hufika kwa basi baada ya siku moja au mbili na pesa huingia kwa M-Pesa, huduma iliyoanza Machi 2007 na ambayo Wakenya wengi wameizoea. Makosa ya mwanzo hayakwepeki, na kosa la kifurushi kilichokwenda Nakuru hurekebishwa kwa simu moja, ilhali kosa la kifurushi kilichokwenda Ujerumani linaweza kula faida ya mwezi mzima.

Kazi ya kwanza: kumwonyesha asiyeweza kugusa

Mnunuzi wa mtandaoni hanusi ngozi, hapimi uzito wa kinyago wala havai kiatu, na kwa hiyo picha na maelezo ndivyo vinavyosimama mahali pa vidole vyake. Picha nzuri haihitaji kamera ya gharama kubwa, kwa sababu simu ya kawaida inatosha ikiwa bidhaa itawekwa kivulini penye mwanga wa asubuhi, juu ya kitambaa cha rangi moja, na kupigwa kutoka mbele, nyuma, kwa karibu pale penye mshono, na mara moja ikiwa mkononi au mguuni mwa mtu ili ukubwa wake uonekane. Jua la mchana la pwani halifai, kwa kuwa hufifisha rangi na kutupa vivuli vikali.

Maelezo yanapaswa kutaja vipimo kwa sentimita, uzito kwa gramu, malighafi, namna ya kutunza, na siku zinazohitajika kukitengeneza kitu kingine kama hicho. Ikiwa rangi ya miyaa hutofautiana kidogo kutoka mkoba hadi mkoba, jambo hilo lisemwe waziwazi, kwani mnunuzi aliyeelezwa mapema huliona kuwa alama ya kazi ya mkono, na asiyeelezwa huliona kuwa kasoro na kudai arudishiwe pesa zake. Masoko kamili pia humtaka muuzaji aweke maneno ya utafutaji, yaani maneno ambayo mnunuzi huyaandika anapotafuta kitu. Etsy, kwa mfano, huruhusu maneno au mafungu ya maneno 13 kwa kila bidhaa. Hapa majina ya asili yana thamani ya kibiashara na hayafai kuachwa. Kampuni moja ya Uingereza iliwahi, katika muongo wa 2000, kuomba kusajili jina la kikoi kuwa alama yake ya biashara, ombi ambalo Wakenya walilipinga na halikufaulu. Fundi anayeandika kikoi, leso au kiondo kwa jina lake halisi, kisha akaeleza kwa lugha ya mnunuzi ni kitu gani, huuza na papo hapo huhifadhi asili ya kazi hiyo.

Kazi ya pili: kuijua bei kabla ya kuitaja

Ufuoni bei hutokana na kupatana, na muuzaji huanzia juu akijua kwamba atashushwa. Mtandaoni bei huandikwa mara moja na kuonwa na wote, kwa hiyo ni lazima itokane na hesabu. Mfano wa jozi moja ya viatu vya shanga unaweza kusaidia. Ikiwa ngozi, soli, shanga, uzi na gundi vitagharimu shilingi 600, kazi ya saa 4 ikathaminiwa kwa shilingi 150 kwa saa na kufikia 600, uchakavu wa zana, umeme na nauli ya kufuata vifaa vikachukua 150, na sanduku na karatasi vikachukua 100, gharama kamili itakuwa shilingi 1,450. Mafundi wengi huhesabu zile 600 za vifaa tu, wakauza kwa 1,200 na kuamini kwamba wamepata faida, hali wametoa bure sehemu kubwa ya kazi yao.

Kamisheni nayo huongeza mzigo. Tangu Aprili 2022 Etsy hukata asilimia 6.5 ya bei pamoja na gharama ya usafirishaji anayotozwa mnunuzi, juu ya ada ya senti 20 za dola kwa kila bidhaa inayoorodheshwa kwa miezi 4. Hata bila kuhesabu ada hiyo ya senti, jozi ile ikiuzwa kwa shilingi 1,500, asilimia hiyo itakuwa 97.50, na fundi atabaki na 1,402.50, kiasi kisichofikia gharama yake. Ikiuzwa kwa 1,800, makato yatakuwa 117 na ziada itakuwa 233. Lakini ikiwa mnunuzi atalipa 3,000 za usafirishaji, makato ya sehemu hiyo ni 195, na ziada itashuka hadi shilingi 38. Hesabu hii inaonyesha kwa nini vitu vyepesi vyenye thamani kubwa, kama mapambo ya shanga, kofia za kudarizi na mikoba inayokunjika, humfaa anayeanza kuliko kinyago kizito cha twiga.

Kabla ya kufungua duka, fundi ahakikishe pia njia ya kupokea malipo, kwa sababu si kila soko la nje hulipa moja kwa moja wauzaji wa kila nchi. Tangu mwaka 2018 mwenye akaunti ya PayPal nchini Kenya ameweza kuhamisha pesa zake kwenda M-Pesa, ingawa ada na kiwango cha kubadilisha fedha lazima viingizwe kwenye bei. Kwa upande wa kodi, mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake kwa mwaka yamezidi shilingi milioni 1 bila kupita milioni 25 huingia katika kodi ya mauzo ghafi, ambayo tangu Julai 2023 ni asilimia 3. Daftari la mapato na matumizi linalowekwa tangu oda ya kwanza humwepusha na usumbufu siku atakapoingia katika kodi hiyo.

Kazi ya tatu: kukifikisha kitu salama na kihalali

Kifurushi kinachovuka mpaka hupita forodha, na mambo matatu huamua hatima yake. La kwanza ni malighafi. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1973 kuhusu biashara ya viumbe walio hatarini, CITES, pamoja na sheria ya Kenya ya wanyamapori ya mwaka 2013, hauachi nafasi ya biashara ya pembe za ndovu wala magamba ya kasa, na makombe ya baharini nayo yana masharti. Kwa upande wa mbao, mpingo na muhugu imepungua sana kutokana na uchongaji wa miaka mingi, na ndiyo maana watetezi wa misitu wamewahimiza wachongaji wa Kenya watumie mwarobaini, mwembe na mjakaranda, miti inayopandwa mashambani na kukua upesi. Kutaja mti uliotumika huwapa imani wanunuzi wanaojali misitu, na kuna nchi, kama Australia, zinazokagua kwa ukali mkubwa vitu vya mbao, mbegu na majani makavu.

La pili ni ushuru. Umoja wa Ulaya umetoza kodi ya ongezeko la thamani kwa bidhaa zote zinazoingia tangu Julai 1, 2021, hata zile ndogo, na Marekani iliondoa Agosti 29, 2025 msamaha uliokuwa ukiruhusu vifurushi visivyozidi dola 800 kuingia bila ushuru. Mnunuzi aambiwe mapema kwamba gharama hizo zinaweza kuwa juu yake, kwa sababu anayeshtukizwa hukataa kupokea mzigo. La tatu ni ufungaji: kila kitu kifungwe kwa tabaka kadhaa za karatasi ndani ya sanduku gumu, na kila mara nambari ya ufuatiliaji itumwe kwa mnunuzi, kwani nambari hiyo ndiyo ushahidi wa muuzaji pakitokea ubishi.

Kuanza kidogo, na kuanza pamoja

Bidhaa tano zilizopigwa picha vizuri na zinazoweza kutengenezwa tena kwa ubora uleule ni bora kuliko hamsini zilizochanganywa, kwa kuwa maoni ya wanunuzi wa kwanza, ambayo huonekana na kila anayekuja baadaye, hubaki yakimtetea au kumshtaki muuzaji kwa muda mrefu. Fundi aahidi siku nyingi kuliko anazohitaji, ajibu maulizo siku ileile, na akatae oda ya jozi mia moja ikiwa uwezo wake ni jozi kumi kwa wiki.

Mzigo huu ni mkubwa kwa mtu mmoja anayeshinda kwenye kibao cha kukatia ngozi, na hapa ndipo mfano wa Bombolulu na Changamwe unapofaa tena. Mafundi wachache wa Shanzu wanaweza kufungua duka moja la pamoja, mmoja mwenye simu nzuri akapiga picha, mwingine anayejua hesabu akashika daftari, kijana aliyesoma akajibu wateja kwa Kiingereza au Kijerumani, na kila kitu kikauzwa kwa jina la aliyekitengeneza. Makubaliano ya kugawana mapato yaandikwe na kutiwa saini kabla ya oda ya kwanza, kwa maana vikundi vingi zaidi huvunjika pesa zinapoingia kuliko zinapokosekana. Kikundi kilichopangwa hivyo kitaendelea kumkaribisha mgeni wa hoteli kwa moyo wote, lakini msimu mbaya ukija, wanachama wake watakuwa na orodha ya wateja, bei zilizohesabiwa na kazi ya kufanya.