Farasi Mnadani: Kinachoonekana na Kisichoonekana

Katika sehemu za mashambani za magharibi ya Marekani, mfugaji atakaye farasi kwa kawaida hatafuti mnyama wa mbio. Hutafuta farasi wa kazi zote: wa kuchungia ng'ombe, wa safari, na tena mpole kiasi cha kupandwa na mtoto. Aina ipendwayo sana kwa shughuli hizo ni Quarter Horse, iliyopata jina lake kutokana na mbio fupi za robo maili, yaani mita 400 hivi. Chama cha kuandikisha nasaba za farasi hao kilianzishwa mwaka 1940 mjini Fort Worth, Texas.

Muuzaji husema farasi wake ana miaka saba. Mnunuzi mzoefu hajibu, bali hufunua midomo ya mnyama. Meno ya mbele ya kudumu huota jozi kwa jozi: ya katikati katika umri wa miaka miwili na nusu, yanayofuata mitatu na nusu, na ya pembeni minne na nusu. Kisha huanza kusagika. Jino changa lina kishimo cheusi juu yake, na katika taya la chini vishimo hivyo hufutika kwa zamu: vya katikati yapata mwaka wa 6, vinavyofuata mwaka wa 7, vya pembeni mwaka wa 8. Haya ni makisio, kwani malisho yenye mchanga husaga meno upesi. (Punda wetu naye hupimwa umri kwa meno.) Wachuuzi wa zamani walikuwa wakitoboa vishimo vipya katika meno ya farasi mzee na kuviunguza viwe vyeusi. Hila hiyo hugundulika, maana kishimo cha asili huzungukwa na duara la gamba gumu jeupe; cha kutoboa hakina.

Halafu farasi hukimbizwa polepole juu ya ardhi ngumu. Aliye na maumivu katika mguu wa mbele huinua kichwa kila mguu huo ukanyagapo.

Lakini lipo jambo ambalo jicho haliwezi kuliona. Na hapo, kwa maoni yangu, ndipo penye somo kubwa la biolojia. Mwaka 1969 alizaliwa dume aliyeitwa Impressive, mwenye misuli minene ya kupendeza ajabu. Waamuzi wa maonyesho walimpa ushindi, wafugaji wakamgombania, naye akazaa watoto zaidi ya 2,000. Baadaye baadhi ya wazawa wake walionekana wakitetemeka misuli, wakilegea na kuanguka, wengine walikufa.

Mwaka 1992 wataalamu walieleza chanzo chake. Katika utando wa seli za misuli mna vijia vya kupitishia sodiamu, ambavyo hufunguka na kufunga mara moja. Jeni moja ikiwa na kasoro, baadhi ya vijia hivyo huvuja. Chakula chenye potasiamu nyingi, kama majani ya alfalfa, huweza kuleta shambulio. Inadhaniwa kwamba msisimko huo usiokoma ndio pia unenepeshao misuli. Basi waamuzi, pasipo kujua, walikuwa wakizawadia ugonjwa.

Jeni hiyo ni tawala: nakala moja yatosha kuleta ugonjwa. Mzazi mwenye nakala moja akipandishwa na mzima, kila mtoto ana nusu ya uwezekano wa kuirithi. Wazazi wote wawili wakiwa nayo, robo ya watoto hutazamiwa kuwa na nakala mbili. Mwalimu aweza kulichora jedwali hilo ubaoni kwa dakika tano.

Leo singa chache zenye mizizi, zikipelekwa maabara, hutoa jibu. Kwa watoto waliozaliwa tangu mwaka 2007, chama hakiwaandikishi wale wenye nakala mbili. Wenye nakala moja wangali wakiandikishwa na kuuzwa, kwa kuwa misuli yao ingali ikipendeza macho ya wanunuzi.