Dushi ya nyumbani: maji yapate njia kwanza, urembo utafuata

Mtu wa Lubumbashi akisema anataka kutengeneza dushi yake, mawazo yanakimbilia karo za kung'aa, lavabo nyeupe na robine mpya. Hakuna ubaya. Lakini ukiangalia dushi nyingi za Katuba, Kenya, Ruashi ao Kampemba, shida kubwa haiko kwa urembo. Iko kwa maji: yanatoka wapi, yanawekwa ndani ya nini, na yakishatumika yanaenda wapi. Ukitengeneza hayo matatu, hata dushi ya manjanja nyuma ya parseli itakuwa fasi safi. Ukiyaacha, karo za bei kali zitaanza kunuka kabla mwaka haujaisha.

Tena si mambo ya kupendeza macho tu. Mu dushi ndipo mzee anateleza, mtoto anaanguka ndani ya ndoo, na mafua ya tumbo yanapita toka mtu mmoja kwenda mwingine. Kipindupindu kimeshafika Lubumbashi zaidi ya mara moja, na ugonjwa huo unatembea na maji machafu.

Anza bila kutoa franka

Kazi ya kwanza haiombi pesa. Toa kila kitu inje: ndoo, mabidoni, chupa tupu, vipande vya sabuni, viatu vya zamani, mabrashi. Panga mafungu matatu: vya kila siku, vya kusafishia, na vya kutupa. Watu wengi watashangaa kuona fungu la tatu ndilo kubwa.

Vya kila siku vipate fasi yao juu ya ukuta, si chini. Ubao mmoja juu ya misumari miwili mikubwa unatosha. Miswaki ya meno isimame ndani ya kopo lenye matundu chini ili ikauke, na iwe mbali na shimo la choo. Kama dushi ni ya watu wengi wa parseli moja, kila jamaa iwe na kikapu chake cha plastiki: wanaingia nacho, wanatoka nacho. Hapo kelele ya "nani alichukua sabuni yangu?" inapungua.

Javeli na dawa zote za kusafishia ziwe juu, mkono wa mtoto usifike. Usizimimine kamwe ndani ya chupa ya limonade ao ya maji ya kunywa. Mtoto mwenye kiu hasomi, anakunywa tu.

Chini pawe na mteremko

Mwaga kopo moja la maji katikati ya dushi, kisha angalia. Yanakimbia yenyewe kwenda kwa tundu, ao yanalala? Kama yanalala, hapo ndipo harufu, utelezi na uchafu wa kijani vinazaliwa. Fundi anaweza kuongeza simenti juu ya sakafu ya zamani ili iteremke sentimeta 1 ao 2 kwa kila meta 1 kuelekea tundu. Ni kazi ndogo kwa dushi ndogo. Mwambie asilainishe simenti sana. Apitishe ufagio mgumu juu yake ikiwa bado mbichi, ili mguu upate kushika. Hata ukinunua karo, chukua zile za kukwaruza. Zile laini ziende ukutani.

Harufu mbaya inayopanda toka kwa tundu mara nyingi ina dawa rahisi: sifoni. Ni ile tiyo iliyopindwa ambamo maji kidogo yanabaki kila wakati na kufunga njia ya hewa chafu. Kama dushi haitumiki siku nyingi, maji yale yanakauka na harufu inarudi. Mwaga kopo moja ya maji, inaisha.

Kisha fuata maji mpaka mwisho wake. Maji ya sabuni yasiachwe kukimbia barabarani ao kwa jirani, zaidi wakati wa mvua, toka Novemba mpaka Aprili. Chimba shimo, ulijaze mawe na matofali yaliyovunjika, maji yazame humo polepole. Lakini angalia kisima. Wataalamu wa usafi wanaomba choo na mashimo ya maji machafu yawe meta 30 hivi mbali na kisima. Parseli zetu nyingi hazina nafasi hiyo. Basi maji ya kisima cha karibu yasinywewe bila kuchemshwa ao kutiwa dawa, hata kama yanaonekana meupe sana.

Maji ya akiba

REGIDESO ikikata, ao umeme wa SNEL ukienda na pompi ya foraji ikisimama, kila nyumba inaishi na mabidoni. Kwa hiyo akiba ya maji ni sehemu ya dushi, haifai kuwa fujo ndani yake. Inua bidoni ao fiti juu ya meza ya matofali, ikae imara, uweke robine ndogo chini yake. Faida ni nyingi: hakuna mkono mchafu unaoingia ndani, mama hainamishi mgongo kila mara, na maji hayapotei. Mtu mmoja anaweza kuoga vizuri na lita 10 mpaka 15 akitumia kopo. Robine ya juu iliyofunguliwa bila kufungwa inaweza kumaliza kiasi hicho kwa dakika moja ao mbili.

Funika kila chombo. Mbu anataga mayai yake mu maji yaliyotulia, na toka yai mpaka mbu wa kuruka inaweza kuchukua wiki moja tu hivi wakati wa joto. Kwa hiyo kila wiki mwaga maji ya zamani na usugue ndani kwa brashi, kwa sababu mayai mengine yanashikamana na ukuta wa chombo.

Na juu ya watoto: sentimeta chache za maji zinatosha kumzamisha mtoto anayetambaa. Anaingia kichwa mbele, miguu inabaki juu, hana nguvu ya kujitoa, na halii. Ndoo ikimaliza kazi, imwagwe ao ifunikwe. Mlango wa dushi uwe na ndoano ya kufungia upande wa inje, juu, fasi mtoto hafikii.

Hewa na mwanga

Ukuta mweusi wa ukungu hautibiwi na rangi peke yake. Unatibiwa na hewa. Acha tundu mbili: moja chini karibu na mlango, moja juu upande mwingine, na wavu wa kuzuia mbu. Ukuta ukishakauka, upake chokaa. Haipatikani mbali, kwani Kakontwe, upande wa Likasi, kuna mawe ya chokaa. Inaangaza chumba na ukungu hauipendi. Unapoipaka, linda macho, zaidi ya watoto.

Kwa wenye choo cha shimo, kuna jambo lililotengenezwa kwa jirani zetu wa Zimbabwe, miaka ya 1970, mu maabara ya Blair: tiyo pana inayotoka ndani ya shimo na kupita juu ya paa, ikiwa imefungwa kwa wavu mgumu huku juu. Upepo unavuta harufu kupitia tiyo. Nzi waliomo shimoni wanafuata mwanga wa juu, wanakutana na wavu, wanafia pale. Ndani ya choo penyewe pabaki na giza kidogo ili nzi wasivutwe kwa mlango.

Mbabula isiingie

Mwezi wa 6 na wa 7, usiku wa Lubumbashi unaweza kushuka chini ya digri 10, kwa sababu mji uko juu, meta 1200 hivi. Watu wanapasha maji, na wengine wanaingiza mbabula ya makala ndani ya dushi ili joto likae, kisha wanafunga mlango. Jambo hili linaua. Makala yanayowaka yanatoa gesi isiyo na rangi wala harufu. Mtu anasikia kichwa kuuma, usingizi, miguu kulegea, halafu anaanguka. Makala mekundu bila moshi yanatoa gesi ile ile. Pasha maji inje, ingiza ndoo, mbabula ibaki inje. Ukikuta mtu amelegea ndani, fungua mlango, mtoe kwa hewa, mpeleke hospitali.

Vile vile usichanganye javeli na asidi ya kusafishia choo ao na dawa yenye amonia. Gesi inayotoka inachoma mapafu. Tumia moja, suuza na maji mengi, uache mlango wazi.

Pesa ikiwa kidogo, fuata mupango huu

Mwezi wa kwanza, panga vitu, funika maji, weka ndoano kwa mlango. Mwezi wa pili, robine ya bidoni na tundu za hewa. Mwezi wa tatu, ita fundi kwa ajili ya mteremko, sifoni na shimo la mawe. Kama kuna mzee nyumbani, aweke pia bomba la chuma la kushikilia, kwa usawa wa kiuno, lililozamishwa vizuri ndani ya ukuta. Karo na lavabo zije baada ya hapo.

Wapangaji wanaweza kuuliza: kwa nini nitengeneze nyumba isiyo yangu? Ongeeni na mwenye parseli mbele ya kuanza. Wengine wanakubali kupunguza bei ya mapangisho kwa miezi fulani. Andikeni mapatano hayo kwa karatasi, kila mmoja atie sahihi. Na mambo ya mwezi wa kwanza usingojee mtu: ndoo iliyofunikwa inalinda mtoto wako, nyumba iwe yako ao ya kupanga.