Mwenye Gari na Lugha ya Gereji

Magari mengi yaingiayo nchini yakiwa yamekwisha kutumika hutoka Japani, na kitabu cha maelezo, kikibahatika kuwamo, huwa cha Kijapani. Ndipo mwalimu wa Kitale au Bungoma anunuapo gari asiweze kuzitaja hata sehemu zake. Mimi, kwa mazoea ya isimu, naamini kwamba utunzaji huanza na majina. Mafundi wetu wa jua kali wamekwisha kuyatafuta: gari "linakula oili", injini "imenoki", tairi "halina upepo". Hicho ni Kiswahili, wapende wasipende watunga kamusi.

Basi anayeanza na aanze na oili. Asubuhi, injini ikiwa baridi na gari likiwa penye usawa, achomoe kijiti cha kupimia, akipanguse, akirudishe, kisha akichomoe tena. Oili iwe kati ya alama mbili. Rejeta asiifungue injini ingali moto, kwani maji yachemkayo yatamrukia usoni.

La breki ndilo kubwa. Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, Bungoma karibu 1,400. Ashukaye kupitia Kamukuywa na Webuye huzitegemea sana. Mafuta ya breki yakipungua katika kichupa chake, kuongeza tu hakutoshi: huenda pedi zimelika, au yanavuja mahali. Hapo nawasihi walimu wenzangu wamwendee fundi, lakini wamwendee wakijua la kumwuliza, na wadai kuonyeshwa pedi kuukuu zikishatolewa.