Mashimo meusi yamegongana mbali huko, walijuaje?



Juzi nimebishana na mshikaji mmoja. Nilimwambia wanasayansi walinasa mgongano wa mashimo meusi, akanijibu, "Acha fiksi wewe! Ajali itokee mbali hivyo, wao waijueje?" Swali lake ni la maana, nikaona nilijibu hapa.

Ilikuwa Jumatatu, tarehe 14 Septemba 2015, saa 6 na dakika 50 mchana kwa saa zetu za Afrika Mashariki. Mitambo miwili ya LIGO kule Marekani, mmoja Livingston, Louisiana, na mwingine Hanford, Washington, ilinasa mtikisiko mdogo wa sekunde 0.2. Kupepesa jicho, umekwisha.

Kilichotikisa ni mashimo meusi mawili. Moja lilikuwa na uzito wa jua letu mara 36 hivi, jingine mara 29. Yalizungukana, yakasogeleana, yakagongana na kuwa moja. Shimo jeusi lina mvutano mkali mno, hata mwanga ukiingia hautoki.

Sasa piga hesabu: 36 na 29 ni 65, ila shimo lililobaki lilikuwa na 62. Zile 3 zimekwenda wapi? Ziligeuka nishati, zikatoka kama mawimbi ya mvutano na kusafiri miaka kama bilioni 1.3 mpaka kutufikia. Mawimbi haya Einstein aliyatabiri mwaka 1916.

Wimbi lenyewe si la hewani kama sauti. Nafasi yenyewe ndiyo inavutika upande huu na kubanwa upande ule. Ndiyo maana kila mtambo umejengwa kwa umbo la herufi L, kila mkono kilomita 4. Mwanga wa leza unagawanywa mara mbili, kila nusu inakwenda mkono wake, inagonga kioo na kurudi. Mikono ikiwa sawa, mianga hiyo inafutana, kunakuwa giza. Wimbi likipita, mkono mmoja unarefuka, mwingine unafupika, na mwanga kidogo unachungulia. Tofauti yenyewe ni ndogo mno kuliko upana wa protoni, ile punje iliyo ndani ya kiini cha atomu!

Hapo mshikaji akacheka. "Si hata lori likipita linatikisa zaidi?"

Kweli, linatikisa. Ndiyo maana vioo vimening'inizwa visifikiwe na mitetemo ya ardhi, na ndiyo maana mitambo iko miwili, mbali kwa kilomita kama 3,000. Lori la Louisiana haliwezi kutikisa Washington. Siku ile alama ileile ilitokea Livingston, kisha Hanford baada ya sekunde 0.007. Kwa kasi ya mwanga, safari hiyo haizidi sekunde 0.010. Hesabu inakubali.

Na kama mtu kachomeka alama feki? Jamani, iliwahi kutokea! Mwaka 2010 wakubwa wachache wa mradi walichomeka ya uongo kwa siri ili kuwapima wenzao. Watu wakafanya kazi miezi, mpaka ripoti wakaandika. Machi 2011 bahasha ikafunguliwa: ilikuwa mtihani tu. Kwa hiyo mwaka 2015 moja ya maswali ya mwanzo lilikuwa, nani kachomeka? Hakuna. Hata hivyo wakakaa wanahakiki mpaka tarehe 11 Februari 2016 ndipo wakatangaza.

Mwaka 2017 Rainer Weiss, Barry Barish na Kip Thorne wakapata Tuzo ya Nobel. Ukichukua data zilizokusanywa mpaka Machi 2020 tu, matukio yaliyoorodheshwa yanafika 90.

Mshikaji bado hajakubali yote, ila la lori kaliacha. Mimi kilichonishawishi ni ile bahasha: watu wanaojitega wenyewe kabla hawajatutangazia, nawasikiliza. Wewe je? Tupia maoni hapo chini.